Plagi Ndani ya Kopo la Vifungo

Shangazi wa Mchana, shikamoo. Nakuandikia mbio mbio juu ya meza ya cherehani, mlango nimeuegesha, na barua hii nitamkabidhi mlinzi wa geti la redio yenu kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu dhoruba haitangoji posta, nami nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikilimeza litaniua, nikilitema nyumbani litavunja nyumba, basi nakutemea wewe Shangazi, unisamehe.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mume wangu ni mtunza ghala la saruji na mabati, mtu wa utaratibu ambaye hata soksi zake zimepangwa safu, na tuna mabinti wawili, mkubwa yuko sekondari na huyu kitinda mimba ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Tangu mwaka jana tunaishi na mama yangu mzazi. Mama alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kukoroga sufuria la kulisha shule nzima kwa mwiko uliomzidi kimo, na sauti yake ikitoka jikoni hata mwalimu mkuu alikuwa anakaa sawa, lakini sasa kumbukumbu zimemtoka kidogo kidogo, zilianza funguo, zikafuata njia, halafu watu, na mimi nikawa wa mwisho kutoka, sijui nijivunie au nilie. Jina langu halijui tena. Ananiita Fundi kwa kuwa ananiona nashona, ananisifu mbele ya wateja kwamba Fundi huyu ana roho nzuri, amenipa kitanda na chakula wala hanijui, halafu anakaa na mkoba wake mapajani na kuniuliza kwa adabu kabisa, kila siku iendayo kwa Mungu, "Fundi, watoto wangu watakuja lini kunichukua?"

Ngoja nikueleze mama alivyokuwa wakati wa dhoruba, maana bila hilo utaniona mwendawazimu. Sisi tulikua watoto wanne katika nyumba ya bati yenye vyumba viwili, baba alikuwa mlinzi wa kiwanda, kwa hiyo mvua kubwa zote zilimkuta kazini na mama ndiye alikuwa jemadari. Alikuwa anazijua kabla ya redio, akiona tu sisimizi wanahamisha mayai ukutani anafunga kitenge kiunoni na kusema haya, mgeni anakuja, na mchana mzima hapo hakuna mtoto wa kucheza, tunajaza maji kila chenye tumbo, ndoo, sufuria, beseni, hata birika la chai, kaka zangu wanapandisha mawe na matairi mabovu juu ya bati, mama mwenyewe anafunga kamba ya paa kwa fundo ambalo mpaka leo sijui lilivyofungwa, kuni zinaingia uvunguni, unga unapandishwa juu ya kabati, viberiti vinatiwa kwenye chupa ya kahawa na kufungwa kifuniko. Kazi yangu mimi ilikuwa kioo cha kandili. Mkono wangu peke yake ndio uliokuwa mdogo wa kuingia ndani ya kioo kile bila kukivunja, basi naingiza na karatasi ya gazeti, nasugua masizi mpaka kioo kinang'aa, mama anakishika juu kwenye mwanga na kukikagua upande huu na huu, na kwa sababu hiyo alinipa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita nalo, aliniita Kiganja. Utambi alikuwa anaukata yeye mwenyewe kwa mkasi, sawasawa, akisema utambi uliokatwa upande moto wake nao unasema uongo.

Halafu mvua inapiga, Shangazi, inapiga bati mpaka husikii hata pua yako ikipumua, na sisi wote tuko kitanda kimoja, miguu minane chini ya blanketi moja, kandili katikati, na mama anapandisha sauti juu ya mvua kutuhadithia habari za yule mwanamke aliyeiazima mvua chungu chake na mvua ikakataa kurudisha, hadithi isiyokuwa na mwisho kwa sababu kila mara mwanamke alikwenda kukidai kwa njia mpya. Na alikuwa na sheria moja. Mtoto anayeogopa kuliko wote ndiye anayekabidhiwa taa. Unaogopa? Njoo hapa, shika taa, usiiache izime. Kaka yangu mkubwa alikuwa anatetemeka kwa radi na kuona haya, mama anamkabidhi kandili bila kumcheka, na naapa kwako kwamba hofu ilikuwa inamwisha, maana mwenye taa ana kazi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena maishani, nimeolewa vizuri, nimezaa, nina friji, lakini furaha ile sijaiona tena.

Sasa sikiliza kilichotokea. Miezi michache iliyopita transfoma ya mtaani ililipuka jua likiwa ndiyo linazama, mume wangu alikuwa bado ghalani, televisheni ikakatika katikati ya neno, simu za watoto zilikuwa hazina chaji, na mimi nikaipapasa ile kandili ya mama iliyokuja na mizigo yake, ilikuwa imetundikwa kwenye msumari tu kama pambo, nikaishusha niiwashe. Mama alikuwa amekaa na mkoba wake. Akaniangalia mikono, Shangazi, hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono, akasema kwa ile sauti yake ya jikoni, "Kiganja, kioo hicho kina masizi. Unasubiri mvua ianze ndipo usafishe?"

Nilikaa sakafuni pale pale kwenye vipande vya vitambaa, nikakisafisha kioo kwa kijiti na kitambaa kwa kuwa mkono wangu hauingii tena, naye akaomba mkasi akakata utambi, akakaa kitandani, akawaita wajukuu wake wapande, akawahadithia yule mwanamke na chungu chake kuanzia mwanzo, na kulikuwa na njia mbili za kukidai ambazo hata mimi nilikuwa nimezisahau, binti yangu mkubwa ambaye hacheki siku hizi alicheka mpaka akashika mbavu, na mama aliniambia niwahi kufungua mlango baba yenu akirudi asilowe. Kisha umeme ukarudi. Mtaa mzima ukashangilia, televisheni ikawaka yenyewe ikipiga kelele, mama akatazama balbu, akatazama chumba, akashusha kandili polepole na kuniuliza, "Fundi, hapa ni kwa nani?"

Tangu siku hiyo mimi nangoja giza. Wenzangu wakisikia umeme utakatika wanalaani, mimi moyo unanidunda. Kwa hiyo redio yenu ilipotangaza kwamba dhoruba kubwa itafika mwisho wa wiki hii, kwamba nguzo zitaanguka na huenda tukakaa gizani muda mrefu, na kwamba kila nyumba ijiandae, watu mtaani walikunja uso na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nilikwenda kununua tambi mpya na mafuta ya taa kama mtu anayejiandaa kwa harusi. Lakini mume wangu naye anajiandaa, na kujiandaa kwake ni kwa kighala, katoni za maji zimefika darini, tochi, betri, na juu ya yote akaazima jenereta ya mdogo wake, shemeji yangu kinyozi, ambaye aliileta mwenyewe, akaiwasha mlangoni, akatuonyesha jinsi ya kuchomoa plagi na kuisafisha, ile inayotoa cheche kwenye injini, akatuachia na plagi kuukuu iliyokufa ili tuone tofauti. Mume wangu alikuwa akiongea na simu. Aliyetazama ni mimi. Na jenereta iliponguruma mama alijiziba masikio, akaenda kujibanza nyuma ya mlango na kulia kama mtoto, na mume wangu akasema atazoea, kwa jenereta hii tutakaa na taa zote na televisheni kama vile hakuna dhoruba.

Basi alipokwenda kazini nilichukua spana, nikachomoa plagi nzima, nikafunga ile iliyokufa, na ile nzima nikaizika kwenye kopo langu la vifungo, chini kabisa chini ya vifungo vyeupe vya mashati ya sare. Jioni mume wangu akavuta kamba ya jenereta mpaka bega likamuuma na haikukohoa hata kidogo. Mimi nilisimama pale na mwiko mkononi nikasema pole. Akampigia mdogo wake simu akamwambia umenipa maiti nikuzikie, mdogo wake akasema ilinguruma mlangoni kwako mbele ya mkeo, muulize, mume wangu akaniuliza, nami nikasema labda ilikuwa inakaribia kuharibika. Sasa ndugu hao hawasemezani, watu waliozaliwa kitanda kimoja, shemeji amesema hakanyagi tena kwetu, na mafundi wote wa jenereta wako mbioni kwa watu wengine, na mume wangu amekaa amevunjika moyo akiniambia ameshindwa kuilinda nyumba yake. Ile dawa ya mama ya sukari, ya sindano, inayokaa kwenye friji, nitaiweka kwenye mtungi wa maji, wengine hufanya hivyo.

Nifanyeje, Shangazi? Nikimwambia mume wangu ataniona mchawi. Nisipomwambia nitapata jioni zangu na mama, labda za mwisho, nani ajuaye, dhoruba nyingine kama hii hatutaiona mapema na yeye anaisha mbele ya macho yangu. Ni dhambi kulitaka giza? Nakuomba unijibu kwenye kipindi cha mchana, lakini marudio ya jioni uyafute, maana mume wangu huyasikiliza anapofunga ghala. Ni mimi Kiganja, jina ambalo halijui mtu.

Shangazi wa Mchana anajibu:

Marahaba, Kiganja. Barua yako imeruka foleni ya wenzako wote, na wanaosubiri majibu kuhusu mawifi watanisamehe, wifi hana mawingu. Nitakuonea huruma, usiwe na wasiwasi, huruma yako ipo, nimeiweka mwisho. Kwanza nikugombeze, kwa sababu wakati ni mdogo.

Wewe mwanamke, umeniandikia ukurasa mzima kuhusu utambi, na dawa ya mama yako umeitaja kwa mstari mmoja kisha ukakimbia. Nilidhani sijasoma vizuri, nikarudia. Mama anachomwa sindano ya sukari, dawa inakaa kwenye friji, nyumba inakwenda kukosa umeme kwa muda usiojulikana, na mashine pekee ya kuliwasha friji hilo umeiua wewe kwa mikono yako halafu ukasema pole. Wengine hufanya hivyo. Wengine ni akina nani? Umemuuliza muuguzi gani? Unataka mama akukumbuke kwa jioni moja, umkose kwa jumla? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha hata tiba, tena chini ya vifungo.

Halafu yuko shemeji yako. Kinyozi wa watu ametoa jenereta inayoendesha mashine zake za kunyolea, wiki ambayo hata yeye anaihitaji, ameibeba mpaka mlangoni, malipo yake ni kuitwa mleta maiti. Na mumeo anakaa anajiona si mwanaume kamili. Watu wawili wazima umewatia aibu wasiyoistahili, na hakuna hata mmoja aliyekukosea. Kosa la mumeo ni kusema mama atazoea. Hilo ni kosa la kuambiwa, "Mume wangu, hatazoea, anaogopa," basi. Spana haikuhitajika.

Sasa nikuambie kitu ambacho naona hukukiona, ingawa umekiandika mwenyewe. Nimeisoma sehemu ile ya utoto wako mara kadhaa, na nitakubali kwamba mara ya kwanza ilinitoa machozi, maana na mimi nimelala kitanda cha miguu minane na nimeisikia mvua ile. Sisi wote tuliokulia chini ya bati tuna jioni moja kama hiyo tunayotaka kuirudia. Lakini tazama jioni yako ilianzia wapi. Ilianzia mchana. Ilianza na ndoo, na beseni, na birika, na mawe juu ya paa, na fundo la kamba, na viberiti ndani ya chupa. Wewe unakumbuka giza, mwanangu. Mama yako hakukupa giza. Giza lilikuja lenyewe, kwa kila nyumba ya mtaa ule, na kwenye nyumba nyingine nakuhakikishia watoto walilala wamelowa na wanalia njaa. Ninyi mlicheka kwa sababu kulikuwa na mtu aliyefanya kazi siku nzima ili mpate nafasi ya kucheka. Ungempelekea jenereta mama yule, mpishi wa shule nzima, unafikiri angeichomoa plagi? Angeijaza mafuta kabla hujamaliza kuisifu, angeifunika turubai, na angekuchapa kofi la mgongo kwa kuisogelea.

Kwa hiyo mumeo na katoni zake, unayemcheka kwamba anajiandaa kighala, ndiye anayefanana na mama yako kuliko wewe wiki hii. Lifikirie hilo ukiwa umekaa.

Unaniuliza kama ni dhambi kulitaka giza. Si dhambi kumtaka mama yako. Ningekuwa mimi, nikasikia sauti ile ya jikoni ikiniita baada ya mwaka mzima wa kuitwa Fundi, ningezima umeme wa mji. Lakini mimi si daktari na wewe si daktari, na hatujui ni nini kilichomrudisha. Inawezekana si giza. Televisheni ilinyamaza. Simu zilizimika. Watoto walikaa kitandani kwake, na kioo kilikuwa na masizi mbele ya mwanamke ambaye maisha yake yote hakuweza kukiona kioo chenye masizi akanyamaza. Hivyo vyote unaweza kuvipata bila nguzo moja kuanguka. Miezi yote hiyo ulikuwa ukingoja transfoma ilipuke, na swichi ya taa iko ukutani, futi chache kutoka kwenye cherehani yako. Hukuwahi kuizima hata jioni moja ukamwambia mumeo, leo tunakaa na kandili, mama anapenda. Ulitaka ije kama bahati, kwa sababu uliona aibu kuomba.

Basi nisikilize unachofanya leo. Kipindi kikiisha tu chukua kopo la vifungo, toa plagi, ifute, uende nayo ghalani kwa mumeo. Marudio ya jioni sifuti. Nasema tena ili usikie vizuri, sifuti. Jina lako halipo lakini vifungo vyeupe vipo, na mumeo si mjinga. Afadhali alisikie kutoka mdomoni mwako mchana, kuliko alisikie kwangu huku ameshika komeo la ghala. Mwambie yote, kuanzia mama alipoangalia mikono yako. Usianzie kwenye plagi. Ukianzia kwenye plagi atasikia uhaini, ukianzia kwenye kioo atasikia mtoto anayemlilia mama yake, na akishamaliza kukasirika, maana atakasirika na ana haki, mtakwenda wote wawili kwa kinyozi. Wewe ndiye uongee. Umwombe radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa alidhalilishwa na bila shaka habari imeshazunguka viti vyake vyote vya kunyolea.

Ukitoka hapo pitia zahanati na chupa ya dawa mkononi, umuulize muuguzi inakaa vipi friji likizimika na ni kwa muda gani, usiniulize mimi wala usiwaulize hao wengine wako. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na madirisha na milango, wala msiiingize ndani hata mvua ikinyesha mawe, moshi wake unaua watu wamelala na hawakohoi. Iwashwe mchana kulipoza friji na kuchaji simu, mama akiwa chumba cha mbali na mmoja wenu amekaa naye. Jua likizama mnaizima. Hilo mumeo atakubali, najua, kwa sababu mafuta nayo ni ya kubana, na mtu wa ghala haelewi kitu haraka kama kubana.

Na nyumba yako, Kiganja, ni nyumba ya mshonaji. Imejaa nyuzi na vipande vya vitambaa, umeniambia mwenyewe ulikaa juu yake. Hivyo vyote leo vinaingia kwenye gunia na gunia linaingia stoo, kabla hujawasha chochote chenye moto. Kandili itundikwe kwenye msumari juu, watoto na bibi wasiifikie. Mlango wa choo ufungwe kitambaa cheupe ili mama auone gizani, na usiku asiamke peke yake.

Kisha mrudishie mama kazi yake. Unampitisha katikati ya maandalizi kama mgeni anayengoja gari, ndiyo maana amekumbatia mkoba. Mwite jikoni. Mwambie, mama, mgeni anakuja, kwa maneno yale yale yake. Mpe viberiti avitie kwenye chupa, mpe ndoo azisimamie zikijaa, mpe mkasi wa utambi huku umekaa naye. Kioo usikisafishe wewe, mkono wako umeshakua. Mpe kitinda mimba wako na karatasi ya gazeti, bibi yake akae pembeni akikague kwenye mwanga. Wajukuu nao waanze kukumbuka kitu, maana naona katika nyumba yako wewe tu ndiye mwenye mvua ya kukumbuka.

Sasa huruma niliyokuahidi. Siwezi kukuahidi kwamba atakuita Kiganja. Nataka ulijue hilo kabla mvua haijaanza, ili usikae ukimtazama mdomo usiku kucha na kumharibia hata hadithi. Mama yangu mimi, mwisho mwisho, alikuwa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana. Nilimsahihisha mwaka mzima. Nilikuwa namwambia mama, ni mimi, ni mimi, naye anaomba msamaha na macho yanamjaa hofu, hofu niliyomtia mimi. Siku moja nilichoka, akaniita jina la dada yake, nikaitika abee. Alifurahi siku ile kuliko siku zote za mwaka ule, tukaongea habari za kisima fulani ambacho sijawahi kukiona. Ninaikumbuka sasa kama wewe unavyoikumbuka kandili.

Umesema kwenu anayeogopa kuliko wote ndiye anayekabidhiwa taa. Siku ya dhoruba, upepo utakapoanza kung'oa vitu, tazama ni nani humo ndani anayeogopa kuliko wote. Hatakuwa mtoto. Atakuwa mwanamke mzima aliyekumbatia mkoba, ambaye haijui nyumba aliyomo wala watu waliomzunguka. Usimpe taa ya moto, mpe tochi, mwekee mikono yako juu ya mikono yake, umwambie usiiache izime. Mpandisheni kitandani, mumeo naye apande, nafasi itapatikana. Na akikugeukia akakuuliza tena, Fundi, watoto wangu watakuja lini kunichukua, usilie na usimsahihishe. Mwambie wameshafika, wako hapa, wanataka kujua kama yule mwanamke alipata chungu chake.